Chenji ya Tiketi

Tiketi ilikuwa ya Bi Thuraya:
riali thelathini na tano, hazirudishwi.
Lakini tulipoiacha Sawadi nyuma, maji yakaanza kuruka,
alichafukwa na moyo, akajilaza kwenye mitungi ya hewa,
shungi usoni,
akaninyooshea kidole bila kufumbua macho:
"Mwanakombo, ingia wewe."

Mimi, niliyeletwa kushika taulo la Azzan na juisi yake.
Mimi, ambaye papa namjua kwa harufu tu:
ng'onda wa soko la Vanga, vipande vya kijivu vigumu kama kandambili,
namroweka usiku, namchambua, kitunguu kinachuruzika mafuta,
tui zito naliweka mwisho.
Hata Bi Thuraya humla. Humwita awal,
humponda kwa ndimu na pilipili.
Ndilo jambo la kwanza tuliloelewana jikoni,
kabla sijashika Kiarabu chake,
kabla yeye hajanifichulia Kiswahili cha bibi yake,
kimevunda kidogo, lakini kinalika.

Wakanivika vazi la mpira lililonibana kama deni.
Dilmurad, kijana wa Kibalochi, akakaza mikanda,
akaonesha kwa vidole: pumua kwa mdomo,
usishike chochote nje ya vyuma.
Bawaba ya mlango wa kizimba ilikuwa na kutu.
Niliiona kabla ya kitu chochote kingine.
Mtu anayesugua nyumba ya wenyewe miaka minne
huona kutu popote ilipo.

Chini, rangi ilikuwa ya chupa ya soda.
Tulikuwa watatu: mimi, na mume na mke kutoka Polandi,
kamera zao zimeelekezwa kwenye vichwa vya jodari
vilivyoning'inizwa kumwita mwenye meno.
Tukangoja.
Wakaja samaki wadogo, wakadonoa, wakaondoka.
Nilisikia pumzi yangu tu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Niligeuka nyuma kwa sababu moja:
Azzan ana tabia ya kuinama ukingoni.
Nilitaka kuona kivuli cha kichwa chake juu ya maji.
Ndipo nikaona mdomo.

Si mdomo wa kung'ata.
Ulikuwa mpana kama geti la gereji, umeachwa wazi,
na nyuma yake mwili ukaja, ukaja, ukaendelea kuja,
mgongoni madoa meupe, safu kwa safu, mistari katikati,
kama daftari la mhasibu wa shule.
Papa shilingi!
Kwetu husema alimwagiwa sarafu kutoka juu.
Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu:
hizi ada ya Nuru, muhula wa pili,
hizi mabati, hizi za wakala wa Mombasa,
hizi za dawa ya mama, hizi,
hizi…
Hesabu ilinipotea kwenye mapezi.

Mkia ukakigusa kizimba. Kugusa tu.
Bawaba ikakatika, mlango ukafunguka
polepole, kama mlango wa kabati usiku.
Kati yangu na yeye hapakuwa na chuma.
Jicho lake lilikuwa dogo, kifungo cha shati,
likanipitia kama linavyopitia jiwe.
Mkono wangu uliinuka wenyewe.
Nikaurudisha kifuani. Niliambiwa nisishike,
na isitoshe, hazikuwa zangu.

Juu, Dilmurad alikuwa amepauka, anaomba radhi kwa lugha tatu.
Wapolandi walitazama picha zao:
vichwa vya jodari, vichwa vya jodari,
kisigino changu.
Azzan akauliza, "Alikuwa na meno?"
Bi Thuraya akafunua shungi.
"Umeona nini, we mwanamke?"
"Pesa," nikasema.
Akacheka mpaka akatapika tena,
kisha akasema, kwa Kiswahili cha bibi yake:
"Na chenji yangu iko wapi?"

Usiku ule niliroweka ng'onda kama kawaida.
Nilibadilisha maji mara tatu
badala ya mbili.